Tangu klipu yangu isambae silali, na bodi yetu imekuwa ya maigizo: nijiuzulu, nishitaki au tuzime kamera?

"Dokta habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwaka jana niliteuliwa kuongoza bodi ya taasisi ya umma inayosimamia huduma ya maji. Mimi ndiye niliyesukuma mikutano yetu irushwe laivu, nikiamini ukiwa msafi huna cha kuogopa. Miezi michache iliyopita mkazi mmoja aliuliza kuhusu mabomba yaliyopasuka nikajibu 'hiyo si kazi yetu', nikimaanisha bodi haipangi mafundi, kuna idara yake. Nikaendelea kueleza, lakini kilichosambaa ni hizo sekunde chache tu. Tangu hapo nasoma komenti mpaka saa nane usiku, wengine wanatukana mpaka umbo langu. Kwenye mikutano nimekuwa nasoma kilichoandikwa tu, wajumbe nao wanaongea na kamera, na maamuzi ya kweli yamehamia kwenye grupu la WhatsApp. Mume wangu anasema niachie ngazi. Mwanasheria wetu anataka tuwashitaki waliosambaza. Makamu wangu anasema tuzime kamera tu yaishe. Hivi dokta, haya macho ya watu yanajenga au yanabomoa? Na mimi nifanyeje?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja maana ndani yake kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja. La kwanza ni la kwako binafsi, usingizi umekata na mkono hauachi simu. La pili ni la bodi, watu wazima wenye akili zao wanakaa mbele ya kamera wanasoma karatasi afu kazi ya kweli inafanyika uchochoroni. Yote yameanzia kwenye kamera ileile, ila dawa zake hazifanani. Kuzima kamera kutakupa wewe nafuu na kuiumiza taasisi, na kuna mambo yatakayoiponya taasisi ambayo wewe yatakupa siku ngumu kadhaa. Kwahiyo tuyatenganishe.

Nianze na ile imani yako kwamba ukiwa msafi huna cha kuogopa. Hiyo kauli nimeona ikiwaumiza waadilifu kuliko wezi. Mwizi anajua anatafutwa, amejipanga, ana wakili na ana majibu mfukoni, lakini mtu msafi akishambuliwa anaanza kujikagua, anajiuliza labda kweli mimi nina dharau, labda wameona kitu nisichokiona. Ukweli ni kwamba kuangaliwa kunaugusa mwili kwanza, uadilifu baadaye. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alipanga pamoja matokeo ya majaribio ya miaka mingi yaliyokuwa yanapingana, na akaonyesha kitu ambacho ukikisikia unasema ndo maana: ukiangaliwa, kazi uliyoizoea unaifanya vizuri zaidi, kazi ngumu au mpya unaifanya vibaya zaidi. Sababu ni kwamba macho ya watu yanauamsha mwili, na mwili ulioamka unarusha jibu lililo karibu na ulimi, lile la mazoea. Kama la mazoea ndo sahihi unang'aa, kama swali lilikuwa linahitaji utulie upange maneno, linatoka la mkato.

Sasa rudi kwenye klipu yako. Swali limekuja ghafla, taa ya kamera inawaka, wajumbe wanakutazama, ukatoa sentensi ambayo nina hakika umeshaisema mara nyingi ofisini na kila mtu akakuelewa, maana ofisini wote wanajua mipaka ya bodi na idara. Nje ya ofisi hakuna anayeijua. Mtu ambaye bomba limepasuka mbele ya mlango wake anasikia tu kiongozi wa maji anasema maji si kazi yake. Hiyo si dharau wala si uongo, ni lugha ya ndani iliyotoka nje bila nguo. Na hapa niwe mkweli kwako, hata bila mkato ile sentensi ilikuwa mbaya kwa aliyeuliza, kwahiyo usijitetee sana kwa kusema wamekata klipu. Wamekata kweli, ila walichokata kilikuwepo.

Kitu kingine, unahisi dunia nzima inakujua kama mama wa "hiyo si kazi yetu". Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake waliwavalisha wanafunzi wa chuo fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambaye kwa vijana wale kumvaa kifuani ilikuwa aibu, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria karibu nusu ya watu chumbani wameiona ile picha. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Tunajikadiria kuonekana zaidi ya tunavyoonekana, kwa sababu wewe uko ndani ya aibu yako muda wote na wenzako wana ya kwao. Najua utaniambia dokta mimi yangu imetazamwa na maelfu, si fulana hiyo, na uko sahihi, mtu wa ofisi ya umma anaonekana kweli. Ila kutazamwa sekunde chache na kukumbukwa ni vitu viwili, wengi wao walicheka, wakasogeza kidole, wakaenda kwenye klipu ya mtu mwingine, na leo hawakumbuki hata jina la taasisi. Anayeirudia kila usiku ni wewe.

Na hiyo ya kusoma mpaka saa nane tuiite inavyotakiwa, si utafiti wa maoni ya wananchi. Unafungua simu ukitafuta ahueni, ukitafuta yule mmoja aliyekuelewa. Unampata, moyo unashuka kidogo, chini yake kuna akaunti haina picha wala jina la kueleweka imeandika kuhusu makalio yako, moyo unapanda tena, kwahiyo unashuka zaidi kutafuta mwingine mzuri wa kufuta ule mbaya. Haufutiki, maana akili ya binadamu inalipima tusi moja kwa uzito kuliko sifa kadhaa, tumeumbwa hivyo, kukosa kuona hatari kulikuwa kunagharimu kuliko kukosa kuona kizuri. Na kila ahueni ndogo unayoipata inakufundisha kwamba kufungua simu kunasaidia, ndo maana mkono unaenda wenyewe. Kusema "nitajizuia" haitoshi. Toa hizo aplikesheni kwenye simu unayolala nayo, simu ilale sebuleni, na mchague mtu mmoja pale ofisini, si mume wako na si rafiki yako wa karibu, kazi yake asome yeye afu kila Ijumaa akuletee ukurasa mmoja: maswali gani yamejirudia, malalamiko gani yana ukweli, vitisho kama vipo. Matusi yasikufikie kabisa. Hujayakimbia, ila hayana taarifa yoyote ndani yake ya kukusaidia kuongoza maji.

Kuhusu hayo ya umbo lako niseme kwa ufupi lakini bila kuficha. Muungano wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39, ripoti ikatoka 2016, na asilimia 81.8 walisema wamepitia ukatili wa kisaikolojia kwenye kazi yao, asilimia 44.4 wakasema wameshatishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Kwahiyo usikubali mtu akuambie hiyo ni sehemu ya kawaida ya kuhojiwa na umma. Kuulizwa mabomba ni kuhojiwa. Kutukanwa mwili ni kitu kingine kabisa kimepanda gari la kuhojiwa, na ukivichanganya utafanya moja ya makosa mawili, ama uvumilie vyote, ama uvizime vyote, na makamu wako ameshachagua la pili.

Sasa tuje kwenye bodi, ambapo kwa maoni yangu ndo kuna tatizo kubwa zaidi. Wewe utapona, ila taasisi iliyojifunza kuigiza huwa inachukua miaka kuacha.

Watu wengi wanaamini uwazi ukiongezeka ubora unaongezeka, mstari umenyooka. Wengine, kama makamu wako, wanaamini kamera inaua mjadala. Wote wana nusu ya ukweli na kuna mfano ninaoupenda sana wa kuonyesha hilo. Ile kamati ya Benki Kuu ya Marekani inayopanga riba ilikuwa inarekodi vikao vyake kwa ajili ya kuandaa muhtasari, na wajumbe wengi waliamini kanda zikishatumika zinafutwa. Mwaka 1993, kwa presha ya Bunge, ikajulikana kuwa maneno yao yote yamehifadhiwa kwa maandishi, na ikaamuliwa yatakuwa yanatolewa kwa umma baada ya miaka 5. Kwa watafiti hiyo ni dhahabu, kamati ileile, meza ileile, kabla na baada ya kujua wanasikilizwa. Stephen Hansen, Michael McMahon na Andrea Prat walizichambua na kuchapisha 2018. Walikuta wajumbe wasio na uzoefu walianza kuja wamejiandaa zaidi, na takwimu zaidi mkononi. Hiyo ni faida. Lakini ilipofika sehemu ya kujadili uamuzi wenyewe, walewale walipungua kubishana na kurudishiana maneno, wakawa wanakwenda na mkondo. Kwa hiyo kuangaliwa kuliwafanya wasome zaidi na wabishane kidogo. Si ndo bodi yako hiyo? Karatasi nzuri, hakuna anayemuuliza mwenzake swali.

Na kuna hatari nyingine zaidi ya ukimya, ambayo bodi yako bado haijafika ila njia ni hiyohiyo. Jimbo la New York lilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kukusanya takwimu za vifo kwenye upasuaji wa moyo wa baipasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikawa zinachapishwa kwa jina la hospitali na baadaye la daktari. Vifo vikashuka, watu wakashangilia. Kisha wachumi wakachambua data za New York na Pennsylvania, wakachapisha 2003, wakaonyesha upande wa pili: madaktari na hospitali walianza kuchagua wagonjwa, wale wenye hali mbaya zaidi wakawa hawapendwi maana wanaharibu namba, na matokeo ya hao yakazidi kuwa mabaya. Hakuna daktari aliyeamka asubuhi akasema leo nitakuwa mkatili. Ila ukimhukumu mtu kwa namba ya mwisho peke yake atailinda namba, na wewe ukihukumiwa kwa klipu utailinda klipu, ndo maana unasoma kilichoandikwa.

Kwahiyo kama unataka jibu la swali lako la yanajenga au yanabomoa, inategemea macho yanaangalia nini na yalianza lini. Jennifer Lerner na Philip Tetlock walipitia tafiti nyingi za uwajibikaji mwaka 1999 na walichokikuta kinaweza kuwekwa hivi kwa lugha ya kawaida. Mtu anafikiri vizuri akijua mapema, kabla hajaamua, kwamba ataulizwa alivyofikia uamuzi, na hajui kwa hakika anayemuuliza anataka kusikia nini. Akishajua wanachotaka kusikia, anawapa hichohicho. Akiulizwa baada ya kushaamua, anatumia akili yake yote kujitetea badala ya kutazama upya. Sasa angalia mlivyopanga laivu yenu: watu wanaingia siku ya uamuzi, ajenda hawajaiona, wanachokiona ni nyuso na matokeo, na mnajua fika komenti zitasema nini. Masharti yote mabaya mmeyakusanya mahali pamoja, halafu mnashangaa mjadala umekimbilia WhatsApp.

Hilo grupu, dada, liogope kuliko kamera. Nchi kadhaa sheria zake za haki ya kupata taarifa hazijali simu ni ya nani, zinauliza kama mazungumzo ni ya kazi ya umma. Na hata pasipo na sheria hiyo, meseji zina tabia ya kutoka. Mwaka 2023 tume ya uchunguzi wa Covid ya Uingereza ilidai meseji za WhatsApp za Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa janga, na wenzake, serikali ikaenda mahakamani kupinga, ikashindwa, na baadaye nchi nzima ikawa inasoma viongozi wake walivyokuwa wanatukanana kwenye janga. Utani wa grupu lenu la saa nne usiku ukisomwa na mkazi mwenye bomba lililopasuka, ile "hiyo si kazi yetu" itaonekana ni ukarimu. Lifungeni, msilifute maana kufuta kunaweza kuwa kosa lenyewe, mwambie mwanasheria ahifadhi yaliyomo, muache kulitumia kwa maamuzi.

Badala yake? Mimi nisingezima kamera. Ningegawa kikao. Karatasi za ajenda zitoke siku kadhaa kabla, na ndani yake ziandikwe chaguzi mlizonazo na gharama ya kila moja, ili watu wagombane na hoja wakati bado inaweza kubadilika. Sehemu ya wananchi kuuliza ibaki laivu, nzima. Sehemu ya bodi kubishana inaweza kufanyika bila kamera, mradi iwepo rekodi na muhtasari utoke ndani ya muda uliotangazwa, ukiwa na sababu na ukionyesha nani alipinga na kwa nini. Hata ile kamati ya riba siku hizi ndo inavyokwenda, tamko linatoka siku ya uamuzi, muhtasari baada ya wiki 3, maneno yote baada ya miaka 5. Sheria zenu ndizo zitasema mnaruhusiwa kufunga nini, muulize mwanasheria hilo kabla ya lingine lolote. Na kuna watakaosema mmeanza kujificha. Watasema, vumilieni, mjibuni kwa kutoa muhtasari wa kwanza kwa wakati. Ukichelewa ule wa kwanza umeshapoteza.

Kwa sababu uwazi unaolazimishwa ndo unabomoa kweli. Bunge la Uingereza lilipambana miaka kadhaa kuzuia madai ya posho na gharama za wabunge yasitolewe kwa ukamilifu, likashindwa mahakamani 2008, na 2009 data zikavuja kwa gazeti zikawa zinachapishwa siku baada ya siku, Spika Michael Martin akaondoka, wa kwanza kusukumwa nje ya kiti hicho tangu 1695. Baada ya hapo ikaundwa mamlaka huru inayolipa na kuchapisha hayo madai mara kwa mara. Macho ni yaleyale, ila sasa wanajua yanakuja lini na yanaangalia nini.

Kushitaki waliosambaza klipu, hapana. Mwaka 2003 mwimbaji wa Marekani Barbra Streisand alimshitaki mpigapicha aliyepiga ufukwe wa California kwa ajili ya kumbukumbu za mmomonyoko, akidai dola milioni 50 kwa sababu nyumba yake inaonekana kwenye picha moja. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Mwezi uliofuata watu zaidi ya 420,000 waliitembelea tovuti, na kesi alishindwa. Wewe klipu yako inazama, mwanasheria anataka kuiopoa. Na maneno uliyasema, utashitaki kwa lipi? Kama kuna mtu ametunga jambo la uongo, mfano kwamba umekula pesa, hapo ni tofauti, na utahitaji wakili wako binafsi maana wa taasisi anailinda taasisi. Kwa klipu yenyewe toa video fupi au andiko lenye sentensi zisizozidi tano: nilijibu vibaya, kupanga mafundi ni kazi ya idara fulani, namba yao hii hapa, bodi inachofanya ni hiki, bomba lile limetengenezwa tarehe fulani. Kama bado halijatengenezwa, litengenezeni kwanza ndo uongee. Usiseme "nimenukuliwa vibaya" hata kama roho inakuwasha.

Kujiuzulu nako si aibu, na mume wako hajakosea kukuona umechoka. Jacinda Ardern alipotangaza Januari 2023 kuachia uwaziri mkuu wa New Zealand alisema wazi kuwa hana tena nguvu za kutosha kuifanya kazi hiyo inavyostahili. Hicho ni kipimo kizuri: je, bado unaweza kuifanya kazi? Ila usikipime saa nane usiku wala wiki hii ambayo hujalala. Lala kwanza, simu itoke chumbani, mgawe kikao, upitishe mikutano miwili mitatu kwa utaratibu mpya, afu ukae na mume wako mchana mkiwa mmeshiba usingizi mliongelee.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama wiki mbili baada ya kuacha simu nje bado hulali, moyo unakwenda mbio ukikaribia chumba cha mikutano, umeanza kutegemea pombe au vidonge ili upate usingizi, au unajikuta huna raha na watoto wala chakula, nenda ukamuone daktari au mwanasaikolojia uso kwa uso, na umwambie kazi yako ni ipi ili aelewe. Ikikujia fikra kwamba bora usingekuwepo, hiyo ni ya leo leo, mwambie mume wako sasa hivi na muende hospitali iliyo karibu pamoja. Na kitisho chochote kinachotaja nyumba yako, njia unayopita au shule ya watoto usikijibu na usikifute, piga skrini shoti inayoonyesha akaunti, tarehe na saa, na kipelekwe polisi na yule uliyempa kazi ya kusoma, siku hiyohiyo, bila kusubiri ukurasa wa Ijumaa.